Usaili wa Ajira: Kila Hatua na Ushahidi Wake

Usaili wa ajira ni utaratibu wa kupima, kwa muda mfupi na kwa vigezo vilivyowekwa mapema, iwapo mwombaji ataimudu kazi ambayo bado hajaifanya. Kwa kuwa mwajiri hana njia ya kuyaona ya mbele, hutegemea ushahidi anaoletewa, na kila hatua ya usaili hudai ushahidi wa aina yake. Mhitimu mwenye ufaulu mzuri huweza kuachwa kwa sababu tu hakutambua ni kitu gani kilichokuwa kikipimwa katika hatua aliyofikia.

Utumishi wa umma nchini Tanzania ni mfano ulio wazi. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, chombo kilichotokana na marekebisho ya mwaka 2007 ya Sheria ya Utumishi wa Umma, hupokea maombi kwa mfumo wa kielektroniki wa Ajira Portal, kisha huwapitisha waombaji katika hatua kadhaa. Hatua ya kwanza hupima nyaraka, na hapo ufasaha wa mwombaji haumsaidii kitu: hati za matokeo hazikubaliki badala ya vyeti halisi, aliyesoma nje ya nchi hutakiwa kuwa na uthibitisho wa mamlaka husika, kama vile Tume ya Vyuo Vikuu au Baraza la Mitihani, na ambaye majina yake yanatofautiana kati ya cheti kimoja na kingine hudaiwa hati ya kisheria inayothibitisha kuwa ni mtu yule yule. Mambo haya huchukua muda kurekebishwa, hivyo hufaa yashughulikiwe kabla tangazo la kazi halijatoka.

Hatua ya pili ni mchujo, yaani mtihani wa kuandika unaopunguza idadi ya waombaji pale wanapokuwa wengi kuliko nafasi zilizopo. Mwongozo bora wa kujiandaa ni tangazo lenyewe, hasa sehemu ya majukumu ya kazi, ambapo kila jukumu linafaa kugeuzwa kuwa swali: linaongozwa na sheria ipi, linahitaji hesabu gani, na linafanyika kwa hatua zipi? Anayeomba kazi ya ununuzi, kwa mfano, akijiandaa kwa maelezo ya darasani yaliyojengwa juu ya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2011, ataijibu sheria ambayo nafasi yake ilikwisha kuchukuliwa na ile ya mwaka 2023. Kwa kada kama udereva na uhazili, mchujo huweza kufuatiwa na usaili wa vitendo, ambao humtaka mwombaji aifanye kazi yenyewe mbele ya wasaili.

Hatua ya mahojiano ndiyo inayoogopwa zaidi, ingawa ikieleweka hofu hupungua. Katika mahojiano yenye mpangilio, waombaji wote huulizwa maswali yale yale na kila jibu hupewa alama kwa vigezo vilivyokwisha kuandikwa. Uchambuzi wa Paul Sackett na wenzake, uliochapishwa mwaka 2022, uliiweka mbinu hii juu ya nyingine katika kutabiri utendaji kazini. Kwa kuwa msaili huandika alama kwa kile alichokisikia, sifa za jumla humnyima cha kuandika. Tuseme jopo la wasaili limemuuliza mwombaji wa kazi ya uhasibu aliwahi kugundua kosa gani na alichukua hatua gani. Anayejibu kuwa yeye ni makini na mwaminifu hajathibitisha lolote. Anayeeleza kwamba, akiwa katika mafunzo kwa vitendo, alipewa jukumu la kulinganisha stakabadhi za ushuru na hati za benki, akaona jumla hazilingani, akazipitia stakabadhi moja baada ya nyingine, akamwandikia msimamizi wake taarifa na kosa likasahihishwa kabla ya kufunga hesabu za mwezi, amelipatia jopo mambo manne linayoweza kuyapima: hali, jukumu, hatua na matokeo.

Jibu la namna hiyo haliwezi kutungwa usiku wa kuamkia usaili, kwa kuwa maswali ya nyongeza hulifichua haraka jibu lisilo na msingi. Mwanafunzi aliye katika mafunzo kwa vitendo anapaswa kuandika kila wiki kazi aliyopewa, tatizo alilokutana nalo na namna lilivyotatuliwa, na vyuo vinapaswa kuyasoma maandishi hayo kwa uzito ule ule vinaosomea majibu ya mtihani. Aidha, aliyefaulu mahojiano ya Sekretarieti lakini akakosa nafasi huweza kuwekwa katika kanzidata na kupangiwa kazi baadaye, jambo linaloonyesha kuwa alama zilizopatikana kwa maandalizi ya kweli huendelea kumfaa mhitimu hata baada ya nafasi ya kwanza kumpita.