Maji yanajua jiwe zito

Huku kwetu Rubaya, Masisi, tunachimba koltani. Bisie, kule Walikale, ni kasiteriti. Yote yanatoka yamechanganyika na mchanga. Wachimbaji wanaosha: maji yanabeba mchanga, madini yanabaki chini. Juu ya nini? Kasiteriti iko nzito mara 7 hivi kupita maji ya ukubwa ule ule. Mchanga, mara 2 na nusu tu.

Watoto, jaribuni nyumbani. Changanyeni mchanga, chumvi na misumari midogo. Sumaku ya redio iliyokufa itavuta misumari. Ongezeni maji, chumvi itayeyuka. Chujeni kwa kitambaa, mchanga utabaki. Mama achemshe yale maji mpaka yakauke: chumvi hii hapa!

Wazazi, somo ni lile lile la mgodini. Lakini nyumbani mlima hauporomoki. Tusiwatume watoto kulitafuta shimoni.