Je, Wajua? Soseji Yenye Mkate Ndani

Je, wajua kwamba alheira, soseji ya kitunguu saumu na moshi kutoka Mirandela, kaskazini-mashariki mwa Ureno, ina mkate ndani? Nyama huchemshwa hadi ichambuke, mkate wa ngano hulowekwa kwenye supu yake, kisha vyote huchanganywa na kitunguu saumu, paprika na mafuta ya zeituni. Hujazwa kwenye utumbo vingali moto, ncha mbili hufungwa pamoja kwa uzi, na soseji hutundikwa juu ya moshi wa kuni.

Je, wajua kwamba husimuliwa kuwa soseji hii iliokoa maisha ya watu? Desemba 1496 Mfalme Manuel I aliamuru Wayahudi waondoke Ureno. Mwaka uliofuata wengi walibatizwa kwa nguvu. Jiko lisilotundikwa soseji za nguruwe lilitia shaka. Basi walioshika dini yao kwa siri, yasema simulizi, walijaza soseji kwa kuku na mkate, wakazitundika jirani azione. Wanahistoria wanasita kuikubali, na mimi naona umaskini wa milima ya Mirandela unatosha kueleza ule mkate. Lakini hofu ilikuwa ya kweli: Inkwizisheni, mahakama ya Kanisa Katoliki ya kusaka wazushi, iliyoanzishwa nchini humo mwaka 1536, ilihesabu kukwepa nguruwe kuwa ushahidi wa kushika Uyahudi kwa siri.

Je, wajua kwamba Manuel huyohuyo ndiye aliyemtuma Vasco da Gama, aliyefika Mombasa na Malindi Aprili 1498?

Je, wajua kwamba alheira nyingi za leo zina nguruwe? Anayekula halali aulize kuhusu nyama, na kuhusu utumbo pia. Zipo za kuku, za nyama ya porini, hata za samaki.

Je, wajua kwamba mwaka 2011 Wareno waliipigia kura ikawa miongoni mwa maajabu saba ya mapishi yao?

Je, wajua inavyoharibika? Kwa moto mkali. Ndani ni laini kama uji mzito, hivyo ngozi hupasuka na vyote vikamwagika. Itoboe kwa sindano, iweke kwenye kikaango chenye tone la mafuta, moto uwe mdogo, igeuze taratibu hadi iwe ya kahawia. Oveni au makaa yaliyopoa kidogo yanafaa pia. Wenyewe huipakua na yai la kukaanga, chipsi na mboga za majani zilizochemshwa. Mboga hizo usiziache, maana soseji hii ina mafuta mengi. Kwetu sukuma wiki inatosha kabisa.