Ashwagandha: utafiti unasema nini kuhusu mzizi huu

Wasikilizaji wengi wametuuliza kuhusu unga wa ashwagandha. Ukipita Soko la Majengo hapa Dodoma, au ukifungua simu, utausikia ukisifiwa kwa mengi: unaleta usingizi, unaondoa mawazo, unaongeza nguvu za kiume, unashusha sukari. Msikilizaji mmoja ameuliza swali linalohitaji jibu la haraka: mama yake anameza dawa za presha kila siku, je, anaweza kuuongeza unga huu? Au aache vidonge kabisa atumie mzizi peke yake?

Tutalijibu swali hilo, lakini kwanza tuufahamu mmea wenyewe.

Ashwagandha ni mmea gani?

Kitaalamu unaitwa Withania somnifera. Neno somnifera ni la Kilatini, maana yake "yenye kuleta usingizi". Jina ashwagandha ni la Kisanskriti na maana yake ni harufu ya farasi, kwa sababu ya harufu ya mzizi wake mbichi. Waganga wa India wameutumia kwa karne nyingi.

Watu wengi hawajui kwamba mmea huu si mgeni Afrika Mashariki. Huota wenyewe katika maeneo makavu, kando ya njia na kwenye maboma ya zamani ya mifugo. Ni kichaka kifupi chenye majani yenye vinyweleo laini, na tunda lake dogo jekundu hukaa ndani ya kifuko kikavu kama karatasi. Uko katika ukoo mmoja na nyanya, mnavu, tumbaku na ndulele. Ukoo huo una mboga na una sumu pia, kwa hiyo usiende porini kuchimba mzizi kwa kufananisha na picha ya kwenye simu.

Wanasayansi wamepima nini?

Ndani ya mmea huu kuna kemikali zinazoitwa withanolaidi. Mojawapo, withaferini A, ilitambuliwa maabara miaka ya 1960. Tangu hapo utafiti umekuwa mwingi, ila mwingi umefanyika kwa panya na kwenye vichupa vya maabara. Dawa inayomsaidia panya inaweza isimsaidie binadamu.

Utafiti mzuri kwa binadamu unafanana na shamba darasa pale Nanenane Nzuguni. Ukitaka kujua kama mbolea inafaa, unapanda vipande viwili, mbegu moja, udongo mmoja, mvua moja. Kimoja unatia mbolea, kingine hutii, kisha unalinganisha mavuno. Kwa dawa, kundi moja hupewa dawa na lingine hupewa kidonge kinachofanana nayo lakini hakina dawa ndani, na wagonjwa hawajui nani kapewa nini. Hilo ni muhimu kwa sababu mtu akiamini amepewa dawa, mara nyingi hujisikia nafuu hata kama hakuna kitu.

Mwaka 2012 watafiti wa India walichapisha utafiti wa namna hiyo kwa watu 64 wenye msongo wa mawazo. Waliopewa dondoo ya mzizi, miligramu 300 mara mbili kwa siku kwa siku 60, walipungukiwa msongo kuliko wenzao. Kotisoli, homoni ya mwili inayopanda tukiwa na msongo, ilishuka kwa zaidi ya robo. Mwaka 2021 watafiti wengine walikusanya tafiti tano kuhusu usingizi zilizohusisha watu 400. Waliona usingizi unaboreka, lakini kwa kiasi kidogo.

Kwa hiyo dalili njema zipo kwa usingizi na msongo. Ila tazama ukubwa wake: watu 64, watu 400, na muda wa wiki chache. Anayekuambia imethibitika kutibu kisukari, presha au saratani anakwenda mbali kuliko utafiti wenyewe.

Madhara yake

Mwaka 2020 madaktari walieleza habari za watu watano, watatu wa Iceland na wawili wa Marekani, walioumia ini baada ya kutumia vidonge vya ashwagandha. Macho yao yaligeuka njano ndani ya wiki 2 hadi 12. Wanne kati yao walipona baada ya kuacha, lakini ilichukua miezi. Mwaka 2023 Denmark ilipiga marufuku mmea huu katika vyakula na virutubisho, kwa wasiwasi juu ya homoni na mimba.

Wanaopaswa kujiepusha ni wajawazito, wanaonyonyesha, wenye ugonjwa wa ini na wenye matatizo ya tezi ya shingo. Wanaotumia dawa za presha, kisukari au usingizi wasiuguse bila kuongea na daktari, kwa sababu unaweza kuongeza nguvu ya dawa hizo na kushusha presha au sukari kupita kiasi.

Kwa nini kipimo ni muhimu?

Tuchukue mfano tunaoujua. Dawa mseto ya malaria ina kiini kilichotolewa kwenye mmea wa artemisia, ambao umelimwa hata hapa Tanzania. Mwanasayansi wa China, Tu Youyou, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa ugunduzi huo. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani halishauri kunywa chai ya majani ya artemisia kutibu malaria, kwa kuwa kiasi cha dawa ndani ya kikombe hakijulikani. Unga wa ashwagandha wa kwenye mfuko usio na lebo una tatizo hilohilo. Tafiti zilitumia dondoo iliyopimwa, wewe unatumia kijiko.

Hatusemi tiba asili ni upuuzi. Utafiti wa tiba asili ulianza Muhimbili mwaka 1974, na leo kuna Taasisi ya Tiba Asilia katika chuo kikuu cha MUHAS. Sheria Namba 23 ya mwaka 2002 iliunda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, linalosajili waganga na dawa zao. Tunachosema ni kwamba mzizi nao upimwe.

Jibu kwa msikilizaji wetu

Mama asiache vidonge vya presha. Presha haiumi, ndiyo maana mtu huacha dawa akadhani amepona, kisha kiharusi kikamkuta. Mwaka 2011, maelfu walipokwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe, wataalamu wa afya waliwaonya wagonjwa wasiache dawa zao za hospitali. Onyo hilo linafaa hata leo.

Kama shida yake ni usingizi, aende zahanati na vidonge vyake mkononi, apimwe presha na aeleze anavyolala. Kama ameshaanza unga, amwambie mhudumu bila aibu na aende na mfuko wake.

Na wewe unayetaka kununua, uliza kwanza: dawa hii imesajiliwa? Lebo inaonyesha kiasi na tarehe ya mwisho? Muuzaji amesajiliwa na Baraza? Ukiona macho ya njano, mkojo mweusi, mwili kuwasha au kichefuchefu kisichoisha, acha mara moja uende kituo cha afya.