STENDI YA BAISKELI: TUIFUNGE AU TUIACHE?



Asubuhi moja ya mwezi wa mvua, wenzetu wa zamu ya saa moja walifika kwenye lango la kiwanda kimoja hapa Mbale, bondeni kwa mto Nabuyonga, wakakuta karatasi imebandikwa. Karatasi ilisema kwamba kuanzia siku hiyo baiskeli yoyote isiyo na stendi haitaingia uani. Askari wa lango alikuwa anainama kuchungulia magurudumu ya nyuma, moja moja, kama mtu anayenunua mbuzi. Mwenye stendi alipita. Asiye nayo aliambiwa airudishe baiskeli yake alikoitoa, na wengine walikotoka ni mwendo wa saa nzima. Wapo walioziacha kwenye kibanda cha chai ng'ambo ya barabara, na wapo waliochelewa kwa ajili hiyo wakakatwa mshahara wa nusu siku.

Habari ilipofika katika ofisi ya tawi, baadhi ya wanachama walicheka. Walisema Chama kimekosa kazi ikiwa sasa kitagombea vyuma vya baiskeli. Sisi hatukucheka. Mfanyakazi wa mshahara kama wetu hana gari, na nauli ya pikipiki kwenda na kurudi kila siku yamaliza mshahara kabla mwezi haujafika nusu. Baiskeli ndiyo miguu yake, tena ndiyo inayombebea unga, maji na mtoto wa kwenda zahanati. Mtu akiizuia langoni amemzuia mfanyakazi mwenyewe.

Lakini haki ni haki, na yafaa tueleze pia upande wa mwajiri. Wiki iliyotangulia kulikuwa na ajali uani. Baiskeli zaidi ya ishirini zilikuwa zimeegemezwa ukutani, moja juu ya nyingine, kama ilivyo desturi. Mwenzetu mmoja alivuta ya kwake iliyokuwa katikati, na zote zikaanguka kwa mfuatano hadi ya mwisho, ambayo ilikuwa na gunia la unga kwenye keria. Ile ya mwisho ikamwangukia kijana wa idara ya kufunga mizigo, kifundo cha mguu kikavunjika. Ndipo Meneja akaandika karatasi yake. Alidhani stendi ni dawa. Sisi tukauliza: je, ni dawa kweli? Tukaita mkutano, tukamwita na fundi baiskeli mmoja mzee wa sokoni, ambaye hakuogopa kutuambia kwamba wengi wetu hatujui kuendesha wala kuegesha.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Stendi ziko za namna mbili. Iko ile ya miguu miwili, inayofungwa kwenye ekseli ya gurudumu la nyuma. Ukiishusha na kuivuta baiskeli nyuma, gurudumu lanyanyuka juu ya ardhi na baiskeli yasimama wima. Hiyo ndiyo iliyokuja na baiskeli nzito tunazozijua, Raleigh za Uingereza, kisha Hero za India na Phoenix za China. Ya pili ni ya mguu mmoja, upande wa kushoto, nayo yailaza baiskeli kidogo upande huo. Watu huzitaja zote kwa jina moja, na hapo ndipo ubishi unapoanzia, kwa maana faida ya moja siyo faida ya nyingine.

Stendi ya miguu miwili ni rafiki wa mwenye mzigo. Madumu manne ya maji ya lita 20 yana uzito wa kilo 80, na gunia la kahawa la kawaida ni kilo 60. Mtu mmoja peke yake hawezi kuishika baiskeli kwa mkono mmoja na kufunga gunia kwa mkono mwingine. Akiwa na stendi hiyo aweza kupakia upande huu, akazunguka, akapakia upande ule, mradi aanze kidogo kidogo pande zote mbili na asijaze upande mmoja kwanza. Mnyororo ukitoka, gurudumu liko juu, unauzungusha kwa mkono na unarudi mahali pake. Mama mmoja mwanachama wetu alituambia kwamba yeye humweka mtoto kwenye keria baiskeli ikiwa kwenye stendi, ndipo apande. Fundi mzee alimkatiza hapo hapo: mtoto asiachwe juu hata kidogo, kwani gurudumu la mbele likigeuka baiskeli yote yageuka nalo. Dawa yake ni kipande cha mpira wa tyubu kukaza breki ya mbele kabla ya kupakia chochote. Tuliona neno hilo ni la thamani kuliko karatasi ya langoni.

Sasa hasara zake. Stendi hiyo yakaa kwenye ekseli pamoja na vyuma vya keria na vya madigadi. Vyuma vikiwa vingi, nati haipati meno ya kutosha ya kushika, na mtu anaendelea kukaza akidhani imeshika. Siku moja gurudumu lahama mahali pake akiwa mteremkoni. Tena ukipata pancha gurudumu la nyuma, huwezi kulitoa bila kufungua stendi pia, na usiku wa mvua bila spana hiyo ni adhabu. Springi nayo huchoka. Ikichoka, stendi yashuka yenyewe barabarani, yapiga kelele kwenye kila shimo, na ikikutana na mzizi au jiwe yaweza kumtupa mtu. Wengi hufunga mpira badala ya springi. Mpira ni mzuri, lakini hukatika bila kutoa habari.

Ile ya mguu mmoja ni nyepesi na haisumbui, lakini haikuumbwa kwa ajili ya gunia. Mzigo wote walalia mguu mmoja mwembamba, na udongo wetu ukinywa mvua mguu huo wazama kama kijiti kwenye uji. Sisi tunaoishi kando ya Nabuyonga hatuhitaji kufundishwa habari za udongo laini. Mafuriko ya mwisho wa Julai 2022, mto huu na Namatala ulipofurika, yalituonyesha ardhi inavyoweza kuondoka chini ya nyumba, sembuse chini ya stendi. Mwenye stendi ya namna hiyo na atembee na kipande cha ubao au kigae cha kuweka chini yake. Tena akisahau kuipandisha akakata kona ya kushoto, chuma chagusa lami na kumwinua. Mahali penye mteremko aelekeze gurudumu la mbele juu, maana akilielekeza chini baiskeli husonga mbele yenyewe na stendi yajikunja.

Kuna jambo jingine ambalo vijana wanaonunua baiskeli za mitumba hawalijui. Baiskeli nyingi za Ulaya za siku hizi hazina mahali pa stendi, na zile za mashindano hazifungwi kabisa kwa sababu ya uzito. Fundi asiye mwangalifu huchukua stendi ya mguu mmoja na kuibana kwa bolti kwenye mabomba mawili yaliyo nyuma ya pedali. Mabomba hayo ni membamba. Akikaza sana yabonyea, na bomba lililobonyea ndipo fremu itakapokatikia. Kijana mmoja katika waliorudishwa langoni alifanya hivyo jioni ile ile ili aruhusiwe kesho yake. Stendi aliipata. Fremu ilipasuka baada ya muda mfupi, na baiskeli ilikuwa ya mkopo.

Mkutano uligawanyika, tena kwa namna tuliyoitazamia. Wenzetu wa tambarare, wanaotoka upande wa Bukedi, walitaka stendi. Wao hupanda toka nyumbani hadi kazini bila kushuka. Wenzetu wa miteremko ya Wanale na milima ya Bugisu walisema stendi ni ya watu wa mjini. Wao nusu ya njia huisukuma baiskeli, nusu nyingine wanashikilia breki wakimwomba Mungu. Chuma cha kilo moja kinachoning'inia nyuma hawakitaki. Wanachotumia ni mti wenye panda, unaofungwa pembeni ya fremu kwa mpira. Wakisimama, panda yashikilia keria, na mti wasimama mahali popote, hata kwenye mteremko ambao stendi yoyote ingeshindwa, kwa sababu unausogeza mwenyewe mpaka ukae. Hauna springi wala nati, na ukivunjika msitu uko karibu. Karatasi ya Meneja haikujua habari za mti huo. Askari wa lango alikuwa amewanyang'anya watu wawili, akasema ni silaha.

Ubishi huu si wa leo. Wazee waliofanya kazi Jinja wanatusimulia jinsi mji ulivyojaa watu na baiskeli baada ya bwawa la Owen Falls kufunguliwa mwaka 1954, viwanda vya nguo na vya vyuma vilipoita watu kutoka kila upande, na Kakira ikiwa na miwa yake tangu miaka ya 1930. Wakati huo spea zilipatikana madukani. Kisha mwaka 1972 Waasia wakafukuzwa, na maduka mengi ya baiskeli yalikuwa yao. Springi ya stendi ikawa kitu cha magendo. Hapo ndipo watu wengi walipozikata stendi zao kwa msumeno wakaziuza chuma, na wengine wakajifunza ule mti wa panda. Tena kule mpakani Busia, ambako vijana walianza tangu miaka ya 1960 kuwavusha abiria kwa baiskeli kutoka forodha hadi forodha, na jina la bodaboda likazaliwa, stendi ilikuwa ndiyo ofisi ya mtu: akimngoja abiria alikaa juu ya baiskeli yake kana kwamba yuko kwenye kiti. Pikipiki zimewaondoa wengi wao barabarani, lakini baiskeli za matoke na za makaa bado zipo, tena zimepakiwa mpaka dereva haonekani.

Tulikwenda kwa Meneja tukiwa watu wanne. Hatukumwambia kwamba stendi ni mbaya. Tulimwambia mambo matatu. Kwamba ajali ile haikuletwa na ukosefu wa stendi, ila ukosefu wa mahali pa kuweka baiskeli. Kwamba ua wake ni wa udongo, na baiskeli thelathini zenye stendi ya mguu mmoja katika udongo wa mvua zitaanguka kwa mfuatano ule ule. Na kwamba akitaka mfanyakazi awe na kifaa fulani ili aingie kazini, basi kifaa hicho alipe yeye, kama anavyotoa glavu. Neno la mwisho hakulipenda. Alisema baiskeli ni mali ya mtu binafsi. Tukamjibu kwamba mguu wa kijana wa kufunga mizigo nao ni mali ya mtu binafsi, lakini ulivunjika ndani ya lango lake.

Na hapa twataka kila mwanachama asome polepole. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 haiishii langoni. Mfanyakazi akiumia akiwa safarini moja kwa moja kwenda kazini au kutoka kazini, ajali hiyo yahesabiwa kuwa ni ya kazini. Ila ni juu ya mfanyakazi mwenyewe kuonyesha kwamba safari yake ilikuwa ya moja kwa moja. Ukipitia kwenye pombe kwanza, halafu stendi ikakutupa mtaroni, usitutegemee kufanya miujiza. Tena taarifa ya ajali ipelekwe kwa mwajiri mapema, isipite mwezi mmoja. Tunawajua wenzetu walioanguka, wakajifunga kitambaa, wakaona aibu kusema kwamba ni baiskeli, na mguu ulipokuja kuvimba mwezi ulikuwa umepita. Andikeni. Asiyejua kuandika amwone mwakilishi wa idara yake siku ile ile.

Baada ya mazungumzo ya siku mbili karatasi iliondolewa langoni. Waliokatwa nusu siku wamerudishiwa. Kijana wa kufunga mizigo ameandikiwa fomu zake, nasi tunafuatilia. Mwajiri amekubali kujenga banda lenye bomba refu la chuma lililolazwa usawa wa tandiko, ili kila baiskeli iegemee bomba na siyo baiskeli ya jirani, na sakafu iwe ya zege. Mwenye stendi atakuwa na sehemu yake upande wa nje, na mizigo yote itashushwa kabla baiskeli haijaachwa. Jambo hili la mwisho tuliliomba sisi, na baadhi yenu mmetulaumu kwa ajili yake. Hatubadiliki. Gunia likae chini.

Juu ya swali lenyewe, kamati ya tawi haikupitisha amri. Tunaona kwamba mwenye kubeba mizigo tambarare aifunge ya miguu miwili, akague nati kila wiki na abadilishe springi kabla haijamwaibisha. Mwenye baiskeli nyepesi ya mitumba asikubali kubanwa bolti kwenye mabomba. Watu wa mlimani waendelee na panda yao, na askari ameambiwa airudishe ile miwili aliyoichukua. Mmoja ulipatikana. Mwingine alikuwa ameuchoma kuotea moto.

Nguzo za banda zimesimama, bomba limeletwa. Mabati bado. Meneja ameuliza kama wanachama wangejitolea Jumamosi kumimina zege, nasi tumemjibu kwamba wako tayari kabisa, kwa malipo ya saa za ziada.