Gari Lako Linavuma? Usikimbilie Kununua Tairi

Je, wewe ni miongoni mwa wale ambao wakisikia gari likivuma huongeza sauti ya redio? Waenda mashambani na jamaa yako, watoto wamejaa kiti cha nyuma. Mvumo waanza polepole, na mkifika mwendo wa kilomita 80 kwa saa unasikika kama nyuki waliochokozwa.

Wengi hukisia, wakanunua tairi nne mpya, kumbe kasoro ilikuwa beringi moja tu ya gurudumu. Kabla hujafungua mkoba, utafute mvumo huo hatua kwa hatua.

Kwanza, simamisha gari mahali pa wazi, vuta breki ya mkono, toa gia, kisha kanyaga mafuta kidogo. Mvumo ukisikika na kupanda pamoja na injini, tafuta chini ya boneti. Huenda ni alternata au pampu ya usukani. Kukiwa kimya, huenda mvumo unatoka kwenye magurudumu.

Pili, chunguza tairi. Tairi iliyolika vibaya hubadili sauti unapotoka kwenye lami laini na kuingia kwenye lami yenye kokoto. Mwambie fundi abadilishe za mbele ziende nyuma, na za nyuma zije mbele. Mvumo ukihama, umempata mwizi wako.

Usipohama, ishuku beringi. Sikiliza unapokata kona pana barabarani. Gari likielekea kushoto, uzito huegemea magurudumu ya kulia. Basi mvumo ukizidi hapo, aghalabu beringi mbovu ni ya kulia. Ukizidi unapoelekea kulia, ni ya kushoto.

Sasa fika kwa fundi. Gari liinuliwe kwa jeki, likae kwenye stendi imara, na magurudumu yaliyobaki chini yawekewe mawe. Mtu asiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki pekee. Fundi ashike gurudumu juu na chini alitikise, aone kama linacheza. Kisha alizungushe huku mkono mmoja umegusa springi. Beringi iliyoharibika hukwaruza, na mtetemo wake hufika mkononi.

Kwa nini haraka hiyo? Ndani ya beringi mna gololi za chuma zinazozunguka katika grisi. Maji na matope yakipenya, grisi huharibika, chuma kikasagana na chuma na kupata moto. Mwishowe beringi yaweza kukwama, au ikalegea hata gurudumu likachomoka. Kumbuka kwamba kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari hupita takribani mita 22 kila sekunde. Hapo dereva hana nafasi ya kufikiri.

Neno la mwisho: usikubali beringi mpya ipigwe nyundo ili iingie. Yapasa isukumwe kwa mashine ya kubonyeza. Nyundo huacha alama ndani yake, na baada ya muda mfupi mvumo hurudi, nawe hulipa mara ya pili.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Leo, kabla ya kuwapakia watoto, izime redio hiyo usikilize.