Tumbo Jipya na Chakula Chake: Mlo Kabla na Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Unene

Katika miaka ya 1960 wagonjwa wengi wa vidonda vya tumbo walitibiwa kwa kukatwa sehemu ya mfuko wa tumbo. Vidonda vilipona, lakini wengine walibaki na lalamiko jingine: walikonda, na hata walipojitahidi kunenepa hawakufaulu. Edward Mason, daktari mpasuaji wa Chuo Kikuu cha Iowa nchini Marekani, aliligeuza lalamiko hilo kuwa swali. Ikiwa mtu aliyepunguziwa tumbo hanenepi hata akitaka, je, haiwezekani kumsaidia kwa njia hiyohiyo yule ambaye unene unamwua? Mwaka 1966, akishirikiana na Chikashi Ito, alifanya upasuaji wa kwanza wa kuugawa mfuko wa tumbo kwa ajili ya kupunguza unene.

Wazo la kuutibu unene kwa kisu halikuanzia hapo. Mwaka 1954 wataalamu wa Minnesota walikwisha kueleza njia ya kuunganisha mwanzo wa utumbo mwembamba na mwisho wake, hata chakula kikapita katika nusu mita hivi ya utumbo badala ya mita kadhaa. Wagonjwa walikonda kweli. Lakini waliharisha bila kukoma, wakapata mawe ya figo, wakapungukiwa na vitamini, na baadhi yao maini yao yaliharibika hata wakafa. Kufikia miaka ya 1980 njia hiyo ilikuwa imeachwa. Kosa lake lilikuwa kuyatazama matumbo kama mabomba tu, ambayo yakifupishwa chakula kitapita bila kunyonywa na mambo yatakwisha. Mwili haukubali hesabu rahisi namna hiyo.

Mfuko si gunia

Upasuaji unaofanywa zaidi duniani siku hizi ni wa namna mbili. Katika namna ya kwanza mpasuaji huondoa karibu asilimia 80 ya mfuko wa tumbo, akaacha mrija mwembamba wenye umbo la ndizi. Katika namna ya pili, iliyotokana na kazi ya Mason, hutengwa kifuko kidogo juu kabisa, karibu na umio, chenye ujazo wa mililita 30 hivi, yaani vijiko viwili vikubwa. Kifuko hicho huunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba, na chakula hakipiti tena katika sehemu kubwa ya mfuko wala katika duodeni.

Ingekuwa jambo la ujazo peke yake, mgonjwa angeshinda na njaa kali mchana na usiku. Aghalabu haiwi hivyo. Mwaka 1999 Masayasu Kojima na Kenji Kangawa wa Japani, pamoja na wenzao, walitangaza kugundua homoni iitwayo ghrelini, ambayo hutengenezwa hasa katika sehemu ya juu ya mfuko wa tumbo na huuamsha ubongo kutafuta chakula. Sehemu hiyo ndiyo inayoondolewa katika namna ya kwanza. Tena, chakula kinapofika upesi katika utumbo wa chini, homoni nyingine iitwayo GLP-1 huongezeka. Hiyo huleta shibe na huihimiza kongosho kutoa insulini. Ndiyo maana wagonjwa wengi wa kisukari huona sukari ya damu ikishuka siku chache tu baada ya upasuaji, kabla uzito haujapungua kwa kiasi cha maana. Dawa mpya za sindano za kupunguza uzito, mathalani semaglutidi, zimetengenezwa kwa kuiga homoni hiyohiyo.

Si kila mtu mnene anayestahili kupasuliwa. Kipimo kinachotumika ni uzito kwa kilo, ukigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu wa kilo 90 mwenye urefu wa mita 1.60 atapata 90 kugawanya kwa 2.56, yaani 35 na kidogo. Mapendekezo yaliyotolewa Marekani mwaka 1991 yalitaka kipimo kifikie 40, au 35 ikiwa mtu ana maradhi makubwa yatokanayo na unene. Mwaka 2022 vyama vya wapasuaji wa fani hii viliteremsha mpaka huo hadi 35 kwa yeyote, na kupendekeza kwamba mwenye kisukari anaweza kufikiriwa tangu 30.

Majuma mawili ya ini

Matayarisho huanzia jikoni. Sehemu ya kushoto ya ini hulala juu ya mfuko wa tumbo mithili ya kifuniko, na mpasuaji, anayefanya kazi kwa vyombo vyembamba vilivyopitishwa katika matundu madogo, hana budi kuliinua ili apate kuona. Kwa watu wengi wenye unene wa kupindukia ini limejaa mafuta. Ni kubwa, zito, na huchanika na kutoka damu kwa urahisi. Upasuaji unaweza kuwa mgumu mno kwa sababu ya ini tu.

Kwa hiyo mgonjwa huamriwa mlo hafifu kwa majuma mawili, mara nyingine manne: karibu kilokalori 800 kwa siku, zenye protini ya kutosha na wanga kidogo sana. Mwalimu wa biolojia atafurahia sababu yake. Ini huweka akiba ya sukari kwa umbo la glikojeni, na kila gramu ya glikojeni hushikana na gramu 3 hivi za maji. Wanga unapokosekana, akiba hiyo hutumika katika siku chache za mwanzo, na maji yake hutoka kwa njia ya mkojo. Kisha hufuata mafuta yaliyomo ndani ya ini, ambayo hupungua upesi kuliko yale ya kiunoni. Katika majuma machache ini laweza kupungua ukubwa kwa asilimia 10 hadi 20. Mgonjwa anayekula pilau ya kuagana na chakula usiku wa kuamkia upasuaji hulijaza tena.

Mlo huo hauna budi kusimamiwa na daktari. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini, akipunguza chakula bila kupunguziwa dawa, sukari yake ya damu yaweza kushuka hata akazirai.

Damu nayo hupimwa mapema, na hapo huonekana jambo linalowashangaza wengi: mtu mwenye kilo 120 aweza kuwa na upungufu wa chuma na vitamini D. Wingi wa chakula si wingi wa virutubisho. Upungufu huo hurekebishwa kabla ya kisu, kwa kuwa baadaye itakuwa vigumu zaidi. Mvutaji sigara naye hutakiwa aache, maana moshi huchelewesha kupona kwa kidonda na huleta vidonda vipya penye kiungo.

Kutoka maji hadi kijiko

Mfuko uliokatwa hufungwa kwa safu za pini ndogo za titani. Hatari inayoogopwa zaidi katika siku za mwanzo ni kuvuja kwa mshono huo, hata vilivyomo vikamwagika ndani ya tumbo. Homa, moyo kwenda mbio na maumivu yanayozidi ni dalili za kurudi hospitali mara moja, si za kungojea asubuhi. Hatari nyingine ni damu kuganda katika mishipa ya miguu. Kwa sababu hii mgonjwa huinuliwa atembee mapema, mara nyingi siku ileile, hata kama anaona anaonewa.

Chakula hurudishwa kwa hatua. Siku ya kwanza na ya pili ni maji, supu iliyochujwa na chai nyepesi isiyo na sukari, kwa mafunda madogo. Mpaka mwisho wa juma la pili huongezwa maziwa na vinywaji vingine vyenye protini. Katika juma la tatu na la nne huja vyakula vilivyopondwa hata vikawa laini kama mtori: yai, samaki aliyetolewa miiba, maharage yaliyochujwa maganda. Vyakula laini vya kutafuna hufuata, na baada ya majuma sita hadi manane mgonjwa huanza kukirudia chakula cha kawaida. Ratiba hizi hutofautiana kidogo kati ya hospitali na hospitali, na mgonjwa hufuata ile ya kwake.

Tatizo la miezi hii ni hesabu ya nafasi. Mwili unaopona unahitaji gramu 60 za protini kwa siku au zaidi, la sivyo utakula misuli yake wenyewe pamoja na mafuta. Yai moja lina gramu 6 hivi, bilauri ya maziwa gramu 8, gramu 100 za samaki aliyepikwa gramu 20 na zaidi. Mayai mawili, bilauri tatu za maziwa na kipande hicho cha samaki hukaribia 60. Lakini vyote lazima vipite, kidogo kidogo, katika mfuko unaojaa kwa vijiko vichache. Ndiyo sababu hushauriwa kula mara tano au sita, kuanza na kitoweo kabla ya ugali au wali, na kutafuna mpaka tonge liwe uji. Maji nayo, lita moja na nusu kwa siku, hunywewa kati ya milo. Mwenye desturi ya kuteremshia chakula kwa bilauri ya maji hupata taabu kubwa ya kuiacha, lakini kifuko hakina nafasi ya vyote viwili.

Soda na maji matamu ya matunda yana adhabu yao. Katika tumbo zima mlango wa chini wa mfuko hupitisha chakula kidogo kidogo. Kwa aliyeunganishwa kifuko na utumbo mlango huo haumo njiani, na sukari humwagika ghafula katika utumbo mwembamba. Mwanafunzi aliyekwisha kutia kipande cha kiazi katika maji yenye sukari nyingi na kukiona kikilegea anaijua kanuni: kwa osmosisi, maji huelekea palipo na sukari nyingi zaidi. Hapa maji hutoka katika damu na kuingia katika utumbo. Kwa dakika 10 hadi 30 hivi baada ya kula tumbo husokota, moyo hupiga mbio, jasho hutoka, na mtu hulazimika kulala. Saa moja hadi tatu baadaye huweza kuja wimbi la pili: sukari iliyonyonywa upesi imeamsha insulini nyingi kupita kiasi, sukari ya damu inashuka, na mtu anatetemeka kama aliyekosa chakula.

Akiba za mwili

Akiba fupi kuliko nyingi ni ya vitamini B1, yaani thiamini, ambayo hudumu majuma mawili au matatu. Mgonjwa anayetapika kila siku baada ya upasuaji huimaliza upesi. Kisha huchanganyikiwa, macho hayaendi sawasawa, na miguu hupepesuka. Carl Wernicke aliieleza hali hii mjini Berlin mwaka 1881, na mmoja wa wagonjwa wake watatu alikuwa mshonaji kijana aliyekunywa asidi ya salfa, akaharibu tumbo, akawa anatapika mfululizo. Watu huuhusisha ugonjwa huu na ulevi, kwa hiyo huchelewa kutambuliwa kwa asiyekunywa. Mgonjwa wa namna hii akitundikiwa maji ya sukari kabla ya kupewa thiamini, sukari ile humaliza chembe iliyobaki, na ubongo waweza kudhurika daima. Thiamini hutangulia.

Chuma huisha polepole zaidi. Asidi ya tumbo ndiyo inayokigeuza kiwe katika hali ya kunyonywa, na duodeni ndiyo inayokinyonya. Vyote viwili vimepunguzwa au kurukwa. Wanawake walio katika umri wa hedhi huathirika zaidi. Vidonge vya chuma havimezwi pamoja na vya kalsiamu, kwa kuwa hushindana; hutenganishwa kwa saa mbili. Chai inayonywewa pamoja na chakula, kama ilivyo desturi katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, nayo huzuia chuma. Mwanamke hushauriwa pia kungoja miezi 12 hadi 18 kabla ya kupata mimba, mpaka uzito utulie, maana mtoto tumboni huchota katika akiba zilezile.

Akiba ndefu ni ya vitamini B12. Siri yake ilifichuliwa Boston katika miaka ya 1920 na William Castle. Alikula nyama ya ng'ombe, akaitoa tena katika tumbo lake baada ya saa moja, akawapa kwa mpira wagonjwa wa upungufu wa damu usioponyeka. Nyama peke yake haikuwasaidia. Ile iliyokaa tumboni mwa mtu mzima iliwafanya waanze kutengeneza chembe nyekundu mpya. Castle alidhihirisha kwamba mfuko wa tumbo hutoa kitu ambacho bila yake vitamini ya nyama hainyonyeki. Aliyepunguziwa mfuko amepunguziwa kitu hicho, hata akila nyama kila siku.

Lakini ini lina akiba ya B12 ya kutosha miaka miwili hadi mitano. Katika muda huo mgonjwa amepungua robo ya uzito wake au zaidi, ananunua nguo mpya, anajiona mzima, na vidonge vimesahauliwa kabatini. Ganzi ya nyayo inayoanza mwaka wa nne haimkumbushi upasuaji, wala pengine haimkumbushi daktari mgeni anayempima, na mishipa ya fahamu iliyoachwa kwa muda mrefu huenda isirudi katika hali yake. Kwa hiyo damu hupimwa mara kadhaa katika mwaka wa kwanza, na baadaye kila mwaka maisha yote. Na B12 hutolewa kwa vidonge vya kila siku, au kwa sindano moja ya mikrogramu 1,000 kila mwezi, ambayo haihitaji msaada wa tumbo.