Vidonge vya Kunenepesha

Mwezi uliopita mama mmoja alikuja zahanati na binti yake. Harusi ilikuwa karibu. Mama akasema, "Mwanangu daktari, mpe vile vidonge anenepe." (Mimi si daktari, ni mganga msaidizi, lakini wote huniita hivyo.)

Vidonge hivyo huitwa deksamethasoni. Ni dawa nzuri. Mwaka 2020 ilionekana kwamba huokoa baadhi ya wagonjwa mahututi wa UVIKO-19. Mgonjwa huvumilia madhara yake ili apone. Binti huyu hakuwa mgonjwa.

Dawa hii haijengi misuli. Huvimbisha uso, hupandisha sukari na shinikizo la damu, hudhoofisha mifupa. Ukiitumia kwa muda mrefu, tezi zilizo juu ya figo hulala. Ukiiacha ghafla unaweza kuzirai, hata kufa. Kama umekwisha kuizoea, njoo zahanati tukupunguzie polepole.

Kujipamba si kosa. Masikio tunatoboa, nywele tunasuka. Lakini mwili huu ni wa nani? Nilimwuliza binti mwenyewe. Akajibu, "Mimi sitaki. Wanataka wao."

Sikumpa. Mama aliondoka amenuna. Nasikia dukani vinauzwa kimoja kimoja, bila cheti.